Injini ndogo za magari na umri wake: maswali tunayoulizwa kila mara gereji hapa Tanga

Magari mengi yanayoingia gereji hapa Ngamiani ni Vitz, Passo, IST, Starlet za zamani, March, Demio na kirikuu, yaani kile kigari kidogo cha mizigo. Injini zake zinaanzia cc 660 hadi 1,500. Wenye magari haya huuliza maswali yaleyale, na majibu wanayopewa mtaani mara nyingi ndiyo yanayoua injini. Tumeyakusanya hapa yale yanayojirudia zaidi. Yote yanahusu injini za petroli za magari yaliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, maana ndiyo tuliyonayo wengi. Mwenye haraka asome la oili na la thamostati, mengine atarudia akipata nafasi.

Injini ya gari dogo inatakiwa ifike kilomita ngapi kabla ya kufunguliwa?

Injini za Toyota za cc 1,300 na 1,500, yaani 2NZ-FE na 1NZ-FE zilizomo kwenye Vitz, IST na Probox, zikitunzwa zinafika kilomita 300,000 bila kufunguliwa, na zipo zinazopita hapo. Ile ya cc 1,000 ya silinda tatu, 1KR-FE, kufika 200,000 si ajabu. Lakini injini hizohizo huletwa zikiwa na 120,000 tu, ringi za pistoni zimeshaganda kwa masizi na oili inaungua pamoja na petroli.

Kilomita peke yake haitoshi kukwambia hali ya injini. Cha kuangalia ni saa ilizozunguka na oili iliyokuwamo wakati inazunguka. Chukua magari mawili, kila moja lina kilomita 100,000. La kwanza ni teksi ya mjini, wastani wake ni kilomita 20 kwa saa ukijumlisha kusubiri abiria huku injini inaunguruma na kiyoyozi kimewashwa. Injini hiyo imeshafanya kazi saa 5,000. La pili ni la mtu wa safari za Tanga na Dar, wastani wake kilomita 70 kwa saa. Hilo lina saa 1,430 hivi. Dashibodi zinasoma sawasawa, injini moja imefanya kazi zaidi ya mara tatu ya nyingine. Kwa hiyo mwenye teksi akimwaga oili kwa kufuata kilomita za mtu wa safari, anachelewa sana.

Ni kweli injini ndogo hufa mapema kuliko kubwa?

Mazingira yakiwa sawa, hapana. Injini ndogo hufidia udogo wake kwa kuzunguka zaidi. Kwenye mwendo wa 100, gari la cc 1,000 linaweza kuwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, wakati gari la cc 2,500 linakwenda kwa 2,000 hivi. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni 180,000 kwa saa, na ukienda nayo saa tano mfululizo ni 900,000. Inatisha ukiisikia, ila mtengenezaji alishaipigia hesabu. Pistoni ya 1NZ-FE inasafiri milimita 84.7 kushuka na nyingine kama hizo kupanda katika kila mzunguko. Kwenye 3,000 huo ni mwendo wa mita 8.5 hivi kwa sekunde, na injini ya kisasa inaumudu kutwa nzima ikiwa na oili safi.

Tofauti iko kwenye akiba. 1NZ-FE inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta, na 1KR-FE inachukua pungufu ya hapo. Injini ya silinda sita inachukua lita tano au zaidi. Ikipungua lita moja na nusu kwenye ile kubwa, iliyobaki bado inajitahidi. Kwenye ndogo umebakiwa na lita mbili na kidogo, na ukikata kona kali pampu inaweza kuvuta hewa. Maji nayo ni hivyohivyo, sufuria ndogo huchemka upesi. Gari kubwa humsamehe mwenyewe akisahau wiki mbili tatu, hili dogo halisamehi.

Na hizi za silinda tatu? Naambiwa ni za kutupa.

Si za kutupa. 1KR-FE ilibuniwa na Daihatsu, ikatoka mwaka 2004, na imefungwa kwenye Passo, Vitz na magari mengi ya Ulaya. Bloku yake, yaani kiwiliwili chenye silinda, ni ya aluminiamu na injini nzima haifiki kilo 70. Mwaka 2007 hadi 2010 ilishinda mfululizo tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka kwa upande wa injini zisizozidi lita moja.

Kinachoipa jina baya ni mtetemo. Silinda tatu haziwezi kutulia kama nne, na maunti, yaani vishikizo vya mpira vinavyobeba injini, zikichoka gari zima linatikisika likisimama kwenye taa. Mwenye gari anadhani injini inakufa, kumbe ni mpira wa maunti umekatika. Maradhi yake ya kweli ni mawili: pampu ya maji huanza kuvuja, na ikikaa na oili chafu ringi zake za oili huganda mapema. Ukiangalia hayo mawili, utaishi nayo vizuri.

Niweke oili gani, na niimwage baada ya kilomita ngapi?

Hapa ndipo injini nyingi zinapoponea au kufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Unene kwanza. Kwa NZ na KR nyingi zilizouzwa Japani, oili ya kuanzia ni 5W-30. Namba ya kwanza inaeleza wepesi wake wa kutiririka kwenye baridi, ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa imepata moto. Tanga hatuna baridi ya Hokkaido, asubuhi yetu ni joto la kutosha, kwa hiyo 10W-30 au 10W-40 nayo inafanya kazi. Ile nzito ya 20W-50 tunaiacha kwa injini iliyochoka ambayo mwenyewe hana uwezo wa kuifungua kwa sasa. Kwenye injini nzima yenye VVT-i haina sababu, kwa kuwa ule mfumo wa kuchezesha vali unasukumwa na oili yenyewe kupitia vitundu na vichujio vidogo mno, na oili nzito hufika pale kwa kuchelewa.

Lakini niseme wazi: tofauti ya unene inaua injini chache. Oili iliyokaa muda mrefu inaua nyingi. Oili ikizeeka hubeba masizi, petroli isiyoungua na unyevu, halafu vitu hivyo hugeuka matope meusi. Fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, utazame upande wa ndani. Kwenye injini inayotunzwa utaona rangi ya kahawia yenye kung'aa na chuma unakiona. Kwenye iliyosahauliwa utakuta ganda jeusi, ukilikwangua kwa kucha linatoka vipande. Ganda hilohilo limo kwenye kichujio cha pampu ya oili chini kwenye sampu (beseni la oili), limo kwenye matundu ya ringi, limo kwenye njia za VVT-i. Hapo hata ukiweka oili ya bei kali leo, haifiki kunakotakiwa.

Sasa kilomita. Toyota kwa soko la Japani inasema magari ya petroli yasiyo na tabo yamwagwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu kila 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu kwao ni vumbi, safari fupifupi, kusimama na injini inawaka, na milima. Hayo ndiyo maisha ya kawaida ya gari la Tanga. Sisi tunashauri 5,000, na kwa teksi au kirikuu la mizigo 4,000. Ukipita miezi sita hujafika kilomita hizo, mwaga vilevile. Filta ibadilishwe kila unapomwaga. Kumwaga oili ukaacha filta ya zamani ni kuichanganya mpya na uchafu wa jana.

Na oili za kuchakachua zipo. Angalia kizibo kama mkufu wake wa plastiki umekatika au umegundishwa, angalia tarehe na namba zilizogongwa kwenye kopo, na ukimaliza kujaza litoboe kopo lile. Makopo mazima ndiyo yanayorudi sokoni yamejazwa kitu kingine.

Gari langu linapunguza oili bila kuvuja. Je, injini imekufa?

Bado. Vitabu vya Toyota vinakubali hadi lita moja kwa kilomita 1,000, ingawa kwa injini yenye lita tatu na nusu tu kiwango hicho ni cha hatari kwa mtu asiyepima. Pima kila Ijumaa au kila ukijaza petroli: gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika tano, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena.

Halafu angalia moshi. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha kisha unapotea ni dalili ya sili za vali kuchoka, kazi ambayo haihitaji kushusha injini. Moshi wa bluu unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni ringi. Kabla ya kukubali kufunguliwa injini, mwambie fundi aangalie vali ya PCV, kijidude cha bei ndogo kinachorudisha moshi wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Ikiziba, oili husukumwa kusikotakiwa na watu hufungua injini bure. Kisha ipimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda moja moja. Kwenye injini hizi ndogo, ikishuka chini ya psi 150, au silinda moja ikiachana mno na wenzake, hapo kuna la kuzungumza.

Kama kompresheni ni nzuri na oili inapungua kidogo, unaweza kuendelea miaka. Nunua lita ya akiba, iweke kwenye buti, ongeza kwa wakati. Injini nyingi zinazosemekana zimekufa kwa kula oili zilikufa kwa kukosa wa kuziongezea.

Fundi wangu amenitolea thamostati, anasema joto la Tanga haliitaki. Ni sawa?

Si sawa, na tungependa kila mwenye gari dogo pwani nzima alijue hili.

Thamostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi unafunga, maji yanazunguka ndani tu ili injini ipate moto upesi. Kwenye Toyota nyingi unaanza kufunguka joto likifika nyuzi 82 hivi, maji yakaenda kwenye rejeta kupozwa. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto ililotengenezewa, kwa sababu pistoni, ringi na silinda vimekatwa vipimo vya kukaa vizuri vikiwa na moto huo.

Ukiitoa, maji yanapita rejeta muda wote. Ukikamata barabara ya Segera na upepo unapiga mbele, injini inaendeshwa ikiwa baridi. Kompyuta ya gari inasoma sensa, inaona injini bado haijapata moto, inaendelea kumimina petroli ya ziada kama asubuhi. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inapenya ringi, inaingia kwenye sampu. Unyevu nao haupati joto la kuukausha. Miezi kadhaa baadaye mwenye gari analalamika gari linabwia mafuta, na baada ya mwaka mmoja miwili linaanza kula oili. Hakuna anayekumbuka thamostati tena.

Kwenye Vitz na Passo nyingi hakuna mshale wa joto, kuna taa tu. Taa ya bluu inawaka injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi moto. Ukiwasha gari asubuhi kule Sahare, ukafika mjini, ukashuka, na taa ya bluu haijazimika, thamostati haipo au imekwama wazi. Kwa joto letu taa ile inatakiwa izime ndani ya dakika chache.

Mara nyingi thamostati hutolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, na baada ya kuitoa likatulia. Maana yake ni kwamba rejeta imeziba, au feni haiwaki, au mfuniko wa rejeta umechoka, na sasa tatizo hilo limefichwa. Vivyo hivyo kuiunga feni moja kwa moja izunguke muda wote. Mwambie fundi atafute sababu.

Maji ya bomba yanatosha kwenye rejeta, au lazima kulanti?

Kulanti. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, na hata ya bomba yana madini. Bloku na hedi, kile kichwa cha injini chenye vali, ni za aluminiamu, rejeta ni ya aluminiamu, na maji ya chumvi yanaila aluminiamu taratibu. Tunafungua hedi tukakuta kingo za njia za maji zimeliwa na kutoboka hadi gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku haina pa kukalia. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, inalainisha sili ya pampu ya maji, na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Ukinunua ile nzito isiyochanganywa, ichanganye na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri.

Usidharau mfuniko wa rejeta. Springi yake ndiyo inayoweka mgandamizo, na mgandamizo huo ndio unaofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali yavumilie hadi kwenye 120 hivi. Mfuniko uliochoka unachemsha gari zima.

Limenichemkia njiani. Nifanye nini?

Zima kiyoyozi, egesha pembeni, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta, mvuke ule umeshaunguza watu nyuso na mikono. Subiri angalau nusu saa, mpaka bomba la juu la rejeta ulishike bila kutoa mkono. Funika mfuniko kwa kitambaa kinene, legeza taratibu. Ongeza maji kidogo kidogo huku injini inaunguruma, usiyamwage baridi yote mara moja kwenye injini iliyoungua. Kama umefika Hale au Muheza na maji yanapotea tena, usilazimishe. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko hedi.

Hedi ya aluminiamu ikipata moto kupita kiasi inapinda. Fundi anayejua kazi ataweka rula ya chuma juu yake na kupitisha fila geji, vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi, chini. Kwa injini nyingi za Toyota mwisho unaokubalika ni milimita 0.05, wembamba kuliko unywele. Ikizidi hapo inapelekwa kwa mwenye mashine kusawazishwa. Fundi akitaka kubadili gasketi bila kuipima hedi, mzuie, maana utarudi wiki ijayo.

Dalili za gasketi kuungua ni mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe usiokwisha, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona hiyo ya mwisho usiwashe tena hata kusogeza gari uani, kwa sababu oili yenye maji haizilindi bearing za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na injini itanoki, yaani itaharibika ndani hadi kugonga.

Injini yangu ina cheni au mkanda wa taiming?

Kazi ya vyote viwili ni kuzichezesha vali kwa kupatana na pistoni. Injini za NZ, SZ na KR zina cheni. Starlet ya 4E-FE, na Corolla na Carina za 4A, 5A na 7A, zina mkanda. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama umenunua gari bila kujua ulibadilishwa lini, ubadilishe. Cheni haina tarehe, ila inaishi kwa oili. Ukisikia mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache asubuhi unapowasha, cheni imerefuka au kikazio chake kimechoka.

Kupanda Lushoto au Amani na gari la cc 1,000 kunaua injini?

Hakuui. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee, na unapanda mita 1,000 hivi. Kosa wanalofanya wengi ni kuliacha gari la otomatiki kwenye D na kukanyaga hadi chini, gia zikawa zinabadilika mbele nyuma kila kona. Weka 2 au S, liache lizunguke 3,500 kwa raha, zima kiyoyozi likiwa limejaa watu. Injini ndogo hupata shida zaidi ikilazimishwa kuvuta mzigo ikiwa kwenye mizunguko ya chini kuliko ikizunguka kwa wepesi. Ukisikia inagonga kama kokoto ndani, shusha gia mara moja.

Kushuka ni vilevile, gia ya chini. Wanaoweka N ili kubana petroli wanaunguza breki bure, kwani injini ya kisasa ukiachia mafuta kwenye gia inakata petroli yenyewe.

Vumbi na chumvi ya bahari vinaathiri vipi?

Vumbi ni adui wa kweli. Barabara za mashamba ya mkonge na vijia vya kuelekea vijijini vina vumbi laini linalosaga ringi na silinda kama msasa likipita filta ya hewa. Angalia filta kila unapomwaga oili, na hakikisha boksi lake limefungwa klipu zote. Filta mpya kwenye boksi lililopasuka haizuii kitu. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje.

Chumvi haiingii kwenye injini. Inakula mapezi ya rejeta, nyaya za ethi na bodi. Waishio Raskazone waoshe mbele ya rejeta kwa maji baridi, bila presha kali.

Kirikuu langu linabeba saruji na machungwa. Nitegemee nini?

Magari ya daraja hili yalitengenezwa kwa sheria ya Japani isiyoruhusu injini kuzidi cc 660, na mzigo wake ni kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji. Tunayaona yakitoka Pongwe na mifuko kumi na tano, na yakishuka Muheza msimu wa machungwa yamekaa chini nyuma, pua imeangalia juu. Yanavuta, hilo halina ubishi. Ila injini hiyo iko chini ya kiti, hewa haiipati vizuri, na mzigo mara mbili unaifanya ikae kwenye joto la juu safari nzima.

Kama hiyo ndiyo riziki yako, usimwage oili kwa kilomita za Vitz, mwaga mapema. Safisha rejeta ndani na nje kila mwaka. Kwa injini za Suzuki, F6A ya zamani ina mkanda wa taiming, K6A ina cheni, kwa hiyo jua uliyonayo. Na punguza mifuko mitatu tu kwa kila safari, utaona mwenyewe bei ya spea inavyoshuka.

Nanunua gari. Kilomita za dashibodi niziamini?

Ziamini zikiwa na karatasi ya mnada wa Japani inayolingana nazo. Bila hiyo, zitazame kama maneno ya muuzaji. Angalia mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolainika hadi chuma.

Mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike, uikute injini baridi. Gusa kava ya injini kwanza, kama ina moto kuna kilichofichwa. Simama nyuma wakati mwenzako anawasha, uone moshi. Chungulia kifuniko cha oili kama tulivyoeleza. Fungua rejeta: maji ya rangi ya kutu ni onyo, na oili inayoelea ni sababu ya kuondoka. Likiwaka, tia kiyoyozi na uliache robo saa, usikilize feni inavyowaka na kuzima. Mwisho kaliendeshe, panda nalo kilima. Mlipe fundi wako aje nawe, asiwe fundi wa muuzaji.

Asubuhi nipashe injini kwa muda gani?

Nusu dakika. Kisha ondoka polepole kilomita mbili za kwanza. Kuliacha likiunguruma robo saa kunachafua oili tu.

Taa nyekundu ya oili imewaka. Nifike kwanza nyumbani?

Hapana. Zima hapohapo, hata kama nyumbani unapaona. Taa ile haipimi wingi, inasema mgandamizo haupo, na bearing za kranki zinaweza kuharibika ndani ya dakika moja mbili. Pima kijiti, ongeza oili, washa. Taa isipozima ndani ya sekunde chache, ita mvutaji.

Imeshanoki. Niifungue na kuitengeneza, au ninunue injini nyingine?

Inategemea bloku. 4A, 5A na 4E zina bloku ya chuma cha kumimina, zinachongwa na kuwekewa pistoni za ukubwa wa juu, na fundi mzuri anazirudisha kwenye hali nzuri. NZ ina bloku ya aluminiamu yenye slivu (mikebe ya ndani ya silinda) nyembamba za chuma, na haikukusudiwa kuchongwa. Kama silinda zake hazijakwaruzika, ringi mpya, bearing na sili za vali zinatosha. Zikiwa zimekwaruzika, watu wengi wanapata nafuu zaidi kwa injini ya mtumba kutoka Japani.

Ukinunua ya mtumba, usikubali kuisikia kwenye simu. Chomoa plagi zote nne uzitazame, zenye masizi makavu ya kahawia ni nzuri, zenye oili achana nazo. Zungusha kranki kwa spana uone kama inakwenda laini. Pimisha kompresheni kabla haijafungwa, na mwandikishiane dhamana yenye tarehe. Kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza badilisha pampu ya maji, thamostati, filta na sili ya nyuma ya kranki, kwa kuwa injini iko nje na kuvifikia ni rahisi. Namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari haitalingana tena na iliyomo, kwa hiyo chukua risiti na nyaraka za injini hiyo upeleke TRA ibadilishwe kwenye kadi kabla hujasimamishwa barabarani au hujataka kuuza.